Udongo Mwekundu Chini ya Ibiskusi

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama wa parokia alisimama mbele ya viti vya plastiki, akafungua karatasi, akasoma kwamba marehemu Mama Ngoie alikuwa mtu wa kupenda maua. Akanyoosha mkono kuonyesha ibiskusi nyekundu zilizojipanga kutoka jikoni hadi barabarani, na bugenvilia iliyopanda juu ya paa la choo. "Muone, bamama," akasema, "hii yote ni kazi ya mikono yake. Mu quartier muzima hakuna parcelle yenye kuwa na kivuli sawa hii." Watu wakaitika. Mimi nilikuwa nimeketi na sahani ya ugali wa bukari na majani ya sombe magotini. Nikamtafuta kwa macho mume wangu, Trésor, aliyekaa upande wa wanaume. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, macho yamelowa. Nikarudisha tonge sahanini. Mama Ngoie hakupanda hata kimoja cha vichaka vile. Cha kwanza nilichopanda mimi, kilipokufa, alikichoma kwenye babula, jiko letu la makaa, akapikia chai, na chai hiyo akanikaribisha. Pale matangani sikujibu kitu, kwa sababu jeneza lilikuwa bado halijatoka. Hapa najibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, ndani ya sanduku, na mtoto wa miezi saba anayeitwa Merveille. Tulikaa katika chumba cha nyuma kwenye parcelle ya Mama Ngoie, yaani kiwanja chake cha nyumba, chumba kimoja chenye dirisha moja, kitanda, sanduku, na meza ya vyombo. Mlango ulikuwa umepinda kwa chini, na vumbi lilipita pale kila asubuhi kama mtu mwenye ufunguo. Nilikuwa nafuta kopo la maziwa ya mtoto, nageuka kufunga kitenge, nikirudi nakuta kopo limekuwa la kijivu tena. Nje, lubanza, yaani uwanja wa nyumba, ulikuwa mtupu kutoka ukuta hadi ukuta. Hata nyasi mbaya, zile zinazoota kwenye ufa wa sementi, kwetu zilikataa. Upande huo wa Lubumbashi ndiko upepo wa kiangazi ulikopeleka moshi wa ile cheminée, bomba kubwa la kiwanda cha shaba, kwa miaka ambayo hata Mama Ngoie mwenyewe hakuweza kuihesabu, na wote tulijua, lakini tulijua kama unavyojua jina la barabara. Hakuna aliyelifikiria.

Mama Ngoie alifagia lubanza hiyo kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa amefunga kitambaa kichwani na rozari shingoni. Alianzia kwenye mlango wa jikoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua, ufagio wa vijiti ukichora mistari sawasawa kama daftari. Nilikuwa namsikia nikiwa kitandani: shwa, shwa, shwa. Kisha mtoto anakohoa. Kwake, nyumba yenye nyasi ni nyumba ya wavivu na ya nyoka. "Bibi mwenye akili," alikuwa akisema kwa sauti ya kunifikia dirishani, "unamujulia ku lubanza yake. Haiko ku diplôme." Mimi nilifunika uso wa Merveille kwa leso na kusubiri vumbi litue. Miaka minane imepita na bado nikisikia ufagio mkavu mahali popote taya zangu zinakaza.

Merveille alipoanza kutambaa, alianza kula udongo. Alichagua kona moja karibu na jikoni, akakwaruza kwa kidole, akatia mdomoni, taratibu, kama mtu mzima anayeonja chumvi ya mboga. Nilimtoa, akarudi. Nilimpiga kakofi mkononi, akalia, akarudi. Midomo yake ilikuwa na mstari wa kijivu ambao nilikuwa naufuta kabla hatujaenda misa. Siku moja tulikuwa tunakula mboga ya lengalenga na samaki wa tomson, mtoto yuko chini anajilia vyake, nikasimama kwa hasira kwenda kumwokota. Mama Ngoie hakuinua hata macho kwenye sahani. "Acha mutoto. Trésor pia alikulaka budongo, na ona vile eko." Nilimwona vile eko. Alikuwa amelala kwenye kiti saa saba ya mchana, mdomo wazi, miezi mitano bila kazi.

Mwezi wa tisa, kwenye kituo cha afya, muuguzi, infirmière kama tunavyowaita, alimweka Merveille kwenye mizani, akatazama fishi, kadi yake ya uzito, akamtoa, akamrudisha tena. Uzito ulikuwa uleule kwa miezi mitatu. Akamvuta kope la chini, akatazama kucha. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na subira.

"Huyu mutoto anakulaka nini?"

"Bouillie. Bukari kidogo. Samaki."

"Na budongo?"

Nikafuta midomo ya mtoto kwa leso.

"Muko mu quartier gani?"

Nikamtajia mtaa wetu. Akavua miwani.

"Ah. Kule. Mama Merveille, sikiya. Ile yenu haiko budongo. Ni moshi ya myaka mingi yenye ilianguka chini. Mutoto anakula moshi. Ufunike chini kule: nyasi, miti, mauwa, kintu yoyote yenye kuota. Na mukifagia, mumwange kwanza maji."

Nilirudi nyumbani na mambo hayo mawili kama mtu aliyebeba ndoo mbili. La maji lilimwagika siku hiyohiyo. "Infirmière eko anajua kufagia?" Mama Ngoie aliuliza. "Maji tunaenda kutafuta kule mbali, njo nimwange chini? Ikuwe matope? Apana." Basi nikabaki na la pili. Nilijiambia nitapanda, na nitachagua mwenyewe, na yeye atafagia pembeni. Kusema kweli sikuwa nafikiria kivuli wala uzuri. Nilitaka kuweka kitu kati ya mdomo wa mtoto wangu na ile ardhi, na nilitaka kiwe kitu ambacho mama mkwe hawezi kukifagia.

Kamalondo, kwenye barabara ya mafundi cherehani, kulikuwa na Mama Zaina. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Maniema, mwembamba, mwenye mtandio mweupe na mikono ya mwanaume, na aliuza miche kwenye makopo ya maziwa na sachets nyeusi za plastiki, imepangwa ukingoni mwa barabara kati ya fundi mmoja na mwingine. Nilimfikia nikiwa na Merveille mgongoni na nikaonyesha kidole moja kwa moja kwenye laurier-rose, kwa sababu ilikuwa na maua ya waridi na nilikuwa nimeiona kwenye lango la nyumba za wakubwa mjini.

"Ile njo nataka."

"Mutoto wako anatambaa?"

"Ndiyo."

"Anaweka bintu mu kinywa?"

"Kila kintu."

"Basi ile hautaki. Ile iko sumu, kuanzia jani mpaka muzizi." Akalisukuma kopo kwa mguu nyuma yake, kama mtu anayeficha mbwa. Nikaonyesha lantana. "Matunda yake mubaya." Nikaonyesha ile yenye majani mekundu ya Noeli. "Maziwa yake inachoma." Fundi wa karibu akacheka, sindano mdomoni. "Mama Zaina, weye unauza ao unafukuza bantu?" Akamjibu bila kugeuka: "Miye ninauza muti wenye kuishi. Weye ushone." Kisha akanitazama. "Usiniambie mauwa gani unapenda. Uniletee budongo yako. Mukono moja, mu sachet."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sijaona muuza miche mwingine anayeifanya. Nilimletea udongo kesho yake. Akautia kwenye kopo, akachomeka maharage matatu, akaandika alama ya mkaa ubavuni, akaliweka mstarini na makopo mengine ya wateja wengine. Nikarudi baada ya wiki mbili. Maharage ya mwenye kopo la pembeni yalikuwa ya kijani. Yangu yalikuwa yametoka, lakini majani mapya yalikuwa ya njano kama karatasi ya zamani, mishipa tu ndiyo ya kijani, na mche mmoja ulikuwa umelala. Mama Zaina akanishikisha kopo. "Njo vile. Shaba imejaa. Siwezi kukuuzisha kintu. Ibiskusi ingekuwa muzuri kwako, haina sumu, inafunga vizuri, lakini pale itakufa. Utafute budongo ya ingine, ya mbali ao ya chini sana, ufunike nayo. Ao uache." Nikamwambia anipe ibiskusi tatu. Akakataa. Nikasema nitazinunua kwa mwingine, zikiwa mbaya zaidi. Akanipa, akasonya mpaka nikafika kona.

Nilizipanda mvua ya kwanza ilipoanguka. Kwa hasira yangu ya wakati ule niliamini kwamba mti ukitunzwa vizuri utaona haya kufa. Kufikia Noeli majani ya juu yalikuwa ya njano. Januari nilizikuta tatu zimekauka zimesimama, na asubuhi moja, ile ya kwanza haikuwepo. Ilikuwa kwenye babula. "Kuni yako inawaka muzuri," Mama Ngoie alisema, akanisogezea kikombe. Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi, na ninakumbuka kwamba jambo hilo liliniudhi kuliko yote.

Trésor wakati huo alikuwa ameondoka. Mwezi wa kumi alikuwa amepata nafasi kwenye carrière moja, yaani machimbo, na rafiki yake Papy, kuchimba shaba kwa mikono kama wenzake wengi. Mimi Januari hiyohiyo nilikwenda Kipushi kumwona dada yangu mkubwa, yaya Solange. Nyuma ya nyumba yake kuna kilima kisicho na mti hata mmoja, kipara, cha mawe ya kijani, na juu yake nikaona vichaka vifupi vya kufika gotini, vyenye maua ya zambarau, vingi, vimejaa afya, mahali ambapo hakuna kingine kilichothubutu. Nikauliza. "Ile ni mauwa ya shaba," yaya akasema. "Inapendaka pale pengine panakufa." Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilifikiri kama mtu aliyesoma sekondari: kinachoishi pale kitaishi kwetu. Nikang'oa sita pamoja na udongo wake, nikavitia kwenye sachets, nikavibeba hadi Lubumbashi magotini. Nikavipanda kando ya jikoni, kwenye ile kona ya Merveille. Vikashika. Mwezi wa tatu vikachanua. Mama Ngoie alifagia pembeni yake, na mimi nilidhani nimeshinda.

Trésor na Papy walirudi mwezi huo, wamekonda, carrière imefungwa. Walikuja mchana. Nilikuwa napika. Trésor alimbeba mtoto, akazunguka nyumba kwenda kunawa, halafu sikusikia maji. Nikatoka. Walikuwa wamesimama wote wawili mbele ya maua yangu, kofia mkononi, kama mbele ya altare.

"Papy, unaona?"

"Ninaona."

"Hapa kwetu. Mu lubanza ya mama."

"Ni miye nilipanda," nikasema. "Niliileta kutoka Kipushi. Ku nyumba ya yaya."

Trésor alinitazama kwa huruma. "Mama Merveille, ile mauwa haipandwake. Inaotaka yeye mwenyewe, pale kuko shaba chini. Njo vile tunajuliaka."

"Nilipanda mu mwezi ya kwanza! Uulize mama yako!"

Mama Ngoie alikuwa mlangoni. Alinitazama, akatazama maua, akamtazama mwanawe aliyerudi na mbavu za kuhesabika na uso ambao hatukuwa tumeuona mwaka mzima, uso wenye hamu ya jambo. "Miye sijue," akasema. "Niliona tu imeota."

Uongo huo mdogo ulitugharimu wiki tano. Walichimba pale pale. Waling'oa vichaka vyangu sita kwanza, wakavitupa juu ya ukuta. Kisha shimo likashuka: kiuno, kichwa, urefu wa watu wawili, watatu. Papy chini, Trésor anavuta ndoo kwa kamba, na udongo uliotoka ukarundikwa katikati ya lubanza, kilima chekundu kilichofunga dirisha langu. Tulikula tukilizunguka shimo. Jirani walipita ukutani kuuliza kama tumeshafika Zambia. Mezani hawakuzungumza kitu kingine: rangi ya jiwe, unyevu, mtu fulani wa Kolwezi aliyepata shaba ndani ya chumba chake cha kulala. Mimi nilimfunga Merveille mgongoni kutwa nzima ili asitumbukie, na mgongo wangu haujawahi kurudi sawa. Siku moja nilimwambia Trésor kwamba hakuna shaba chini. Nikamwambia iko juu, kiganja kimoja tu, imeanguka kutoka angani, na mtoto wake ndiye anayeila, kwa hiyo kama anataka kuichimba amchimbe mtoto. Papy alicheka ndani ya shimo. Trésor hakucheka. Akaendelea kuvuta ndoo.

Hawakupata kitu. Udongo mwekundu, mwekundu mpaka mwisho, halafu maji. Papy alikwenda zake bila kuaga. Trésor alikaa siku mbili ukingoni akiangalia chini. Sikumwonea huruma wakati ule. Labda sasa kidogo. Alikuwa amefanya hesabu sahihi kutoka kwa alama sahihi. Maua hayakumdanganya, udongo ule ulikuwa na shaba kweli. Ni kwamba sisi tu, watu wa upande ule wa moshi, ndio ambao shaba yetu imepinduka juu chini.

Mwisho wa mwezi wa tano, Mama Ngoie alikuwa anachagua maharage ya mchana, akitupa mabovu nyuma ya bega bila kuangalia, kama alivyozoea. Yaliangukia kwenye kilima cha udongo, karibu na pale nilipokuwa namwaga maji ya vyombo. Wiki moja baadaye nilipita na ndoo nikaona yameota. Nikainama. Majani mapya yalikuwa ya kijani. Nikachutama, nikayahesabu, nikayageuza upande wa chini. Kijani, yote. Nilisikia kwa uwazi sauti ya Mama Zaina: ya mbali ao ya chini sana. Mume wangu mpumbavu alikuwa amenichimbia udongo safi wa kujaza lubanza nzima.

Mama Ngoie alikuwa ameshaamuru shimo lifunikwe kwa kilima hichohicho, lubanza irudi ilivyokuwa. Nilichukua jembe nikasimama juu yake.

"Shuka," akasema.

"Sishuki, mama. Hii inabaki juu. Ile ya juu njo inaingia mu shimo."

"Lubanza ni yangu."

"Mutoto ni wangu."

Merveille alikuwa mgongoni kwangu, mwaka mmoja na nusu, mwepesi kama kuku, bado hajasimama peke yake. Mama Ngoie alimtazama muda mrefu, miguu yake miwili iliyoning'inia. Kisha akaingia jikoni akafunga mlango. Hakukubali. Hakukataa.

Nilikwangua udongo wa kijivu, kiganja kimoja na nusu kwenda chini, nikausukuma shimoni. Siku tatu peke yangu. Siku ya nne Trésor akaja na brouette, toroli ya kuazima, akaanza kutandaza ule mwekundu. Alifanya kazi vizuri, hilo naliandika pia. Tukachanganya na mavi ya mbuzi kutoka kwa jirani. Nikaenda Kamalondo na kopo la udongo mpya. Mama Zaina hakutaka hata kupanda maharage. Alichota, akasugua kwa vidole, akanusa. "Ulichimbia wapi?" Nikamweleza habari yote. Fundi cherehani alicheka mpaka akasimamisha mashine. Mama Zaina alinipa vijiti kumi na viwili vya ibiskusi na bugenvilia moja, "ya ku choo, mutoto hataifikia miiba." Nilizimwagilia kiangazi chote kwa maji ya mchele. Merveille alikula udongo wiki chache zaidi, sasa mstari wa mdomoni ukiwa mwekundu, kisha akaacha. Mwezi wa nane, kwenye mizani, muuguzi alisoma mara mbili: uzito ulikuwa umepanda. Mwezi wa tisa mtoto alishika kijiti cha ibiskusi, akasimama, akakivunja. Sikumpiga.

Baada ya mwaka huo tulihama. Mama Ngoie hakuniambia kamwe neno moja kuhusu vichaka, zuri wala baya, na nilipokuja kumsalimu alinipokea kama mgeni, kwa kiti. Nilikuwa nimeridhika kumchukia kwa utaratibu. Ndiyo sababu karatasi ya yule mama wa parokia ilinichoma.

Asubuhi baada ya mazishi, viti vikiwa bado havijarudishwa, Merveille aliamka kabla yangu. Ana miaka tisa sasa, mrefu, mwenye mdomo. Nilimwona kutoka kwenye dirisha la chumba chetu cha zamani akichukua ufagio wa nkambo, bibi yake, na kuanza kufagia majani chini ya ibiskusi. Mara wifi yangu Béa, mdogo wake Trésor, aliyekaa na mama hadi mwisho, akatoka jikoni mbio.

"Eh! Merveille! Mwanga kwanza maji! Hauna akili? Nkambo yako alikatazaka kufagia bila maji!"

Nikatoka. "Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Alikatazaka."

Béa alifikiri, macho yamevimba kwa kulia. "Tangu muliendaka. Hata kama maji inakosa, alikuwa anatutuma ku jirani. Alikuwa anasema: hii budongo iko na moshi ndani, itaingia mu kifua ya batoto." Akafuta pua. "Mama alikuwa anajua mambo mingi, yaya."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tayari tangu jana yake, na tangu miaka minane kabla ya jana. Merveille alikuwa amesimama na ufagio hewani, anasubiri. Nikaingia jikoni, nikajaza kopo, nikaanza kumwaga polepole kutoka mlangoni, pale alipokuwa akianzia Mama Ngoie.